Figo la Nani

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa moja asubuhi,
kabla mvua haijaamua iwe mvua au theluji,
nawachoma sindano watu watatu
na kuwafunga kwenye mashine.
Saa nne kila mmoja. Damu inatoka, inaoshwa, inarudi.
Ikishatoka tu, mdomo unafuata.

Wilf Hedley, mwendesha winchi mstaafu, wa Newcastle:
"Ukubwa ni watu. Elfu hamsini na ushei,
tufungwe, tushuke daraja, watu wamo.
Uwanja wetu umekaa juu ya mji
kama kofia juu ya kichwa."

Audrey Stobbs, mshona sare za shule, wa Sunderland:
"Ubingwa wa ligi mara sita, Wilf.
Hesabu kwa vidole, uone kama mkono mmoja unatosha."
"Wa mwisho lini?"
"Thelathini na sita."
"Mama yangu alikuwa darasa la tano!"
"Na wenu ishirini na saba. Alikuwa bado ananyonya,
na alikuwa na maneno ya maana kuliko wewe."

Ronnie Raine wa Middlesbrough hana haraka.
Alilitumikia tanuri la chuma hadi likabomolewa,
anajua kungoja kitu kiive.
"Elfu mbili na sita," anasema. "Fainali ya Ulaya."
"Mkapigwa nne!"
"Tukapigwa nne.
Ila hufungwi fainali usiyoingia."

Hapo Wilf hutoa silaha yake ya mwisho:
"Wewe si wa huku hata. Kwenu ni Yorkshire."

Kimya.
Mashine tatu zinasikika.
Siku hiyo Ronnie alikataa biskuti.

Novemba, usiku wa manane, simu ikalia kwa Wilf.
Limepatikana figo.

Baada ya wiki kumi akaja kututembelea,
amesimama wima, mashavu yana rangi,
suruali imempwaya, ana kopo la peremende.
Audrey hakumpa hata pole.
"La nani?"
"Hawasemi. Mwanamume. Wa kaskazini mashariki."
"Wa kaskazini mashariki!"
Nikaona vipimo vya shinikizo la damu
vinapanda vitanda vyote viwili.

"Siku ya dabi lilikuuma?"
"Kidogo."
"Mlipofunga, au tulipofunga sisi?"
Wilf akatazama dirisha.
Ronnie akaweka gazeti chini, taratibu.
"Siku hizi unatamani chakula gani?"
"Chochote."
"Wilf."
"Kuku," akasema Wilf, sauti ndogo.
"Kuku bapa, wa kukaanga. Amefunikwa jibini juu."

Sijawahi kumsikia Ronnie akipiga kelele.
Mlango wa pili walikuja kuuliza kama kuna aliyekufa.
Chakula hicho ni cha kwao, hakina ubishi,
hukiuza usiku, kwenye boksi, kwa walevi na wafiwa.
"Karibu nyumbani," akamwambia Wilf,
na machozi yalikuwa ya kicheko, mengi yake.

Alipoondoka aliniachia karatasi.
Mgonjwa anaruhusiwa kuwaandikia waliofiwa,
bila jina, bila mji,
nasi hupitia kwanza.
Mwandiko umelala kama nyasi baada ya mechi:

*Miaka sitini nimetukana mashabiki wa Sunderland
na wa Middlesbrough, hadharani, nikiwa sijalewa.
Kama alikuwa mmoja wao, ninamsamehe.*

"Ninamsamehe" amelikata.
Juu yake: *anisamehe.*

*Anapokojoa mtu mzima akashukuru, jueni ni mimi.
Nitalipeleka uwanjani kwao mara moja,
nikae upande wao, nisiseme kitu,
mvua isiponyesha.*

Nikafuta Sunderland, nikafuta Middlesbrough, ndiyo sheria.
Mvua nikaisitia kalamu, nikaiacha.
Kisha nikaenda kumfungua Audrey,
aliyekuwa akimweleza Ronnie, kwa mara ya mia,
kuhusu mikono ya yule golikipa wa sabini na tatu,
huku wa kwake mwenyewe ameunyoosha, hautikisiki,
mpaka nikachomoa sindano.