Upande wa Tofali

Mvua ya Tukuyu haina adabu,
inaingia mahakamani bila kuitwa.
Subilaga ameketi kwenye benchi lilelile
ambalo mguu wake mmoja ni tofali.
Miaka ishirini na sita.

Kikapuni: fomu ya PF3 ndani ya nailoni,
chupa ya chai, ndizi mbivu,
sweta ya mtu ambaye bado hajafika.

Wengine huuliza: ulifuata nini kule, usiku ule?
Yeye huuliza: umekula?
Kisha hunyamaza, akimenya ndizi,
mpaka neno la kwanza litoke lenyewe
kama mtoto aliyejificha mvunguni.

Kesi imeahirishwa. Shahidi hakutokea.
Jalada halionekani. Hakimu yuko semina Mbeya.
Mjomba alikuja na ng'ombe wawili, yamalizwe nyumbani.
"Ng'ombe wako," Subilaga alimjibu, "walikuwepo?"

Usimuulize ameshinda ngapi.
Muulize sweta ngapi hazikurudi.
Atacheka, atahesabu kwa vidole, ataachia katikati,

kwa kuwa mlangoni amesimama mtu,
analowa,
hajui kama pale ni pa kuingia.

Subilaga anasogea upande wa tofali,
ule unaoyumba.