Waya wa Breki

Nilikwenda Mvumi kuuza zabibu, si kusikiliza.
Hilo lijulikane kwanza.
Matenga mawili nyuma ya baiskeli,
gunia bichi juu yake,
na hesabu kichwani: zikiisha zote
paa la jiko linapata bati la tatu.

Vumbi la mwezi wa nane halibishi hodi.
Lilikuwa limekalia viti vya wageni kabla ya wageni,
limetua kwenye kope za watoto wa kwaya,
limemkaba mshereheshaji
aliyerudia "moja, mbili, moja, mbili"
kana kwamba tatu haijazaliwa.

Halafu wakaingia wanawake wa muheme,
ngoma zimebanwa mapajani.
Foibe Chilongani ni mkunga wa zahanati;
usiku wa jana alipokea mapacha,
na mikono ni ile ile.
Akaanza peke yake, taratibu,
wa pili akamjibu kwa pembeni,
wa tatu akapenya pale pasipo na mlango,
nami nikamrudishia mtu elfu tano
kwa zabibu za mia tano alizolipia elfu mbili.

Wanaume wa nindo waliimba wamefumba macho,
njuga zikiwasemea miguuni.
Vijana wa Farkwa, ndimi zao
zilipiga ngoma kabla ya ngoma.
Kwenye turubai, Elikana Mhawi
aliwafundisha watoto kuponda misumari ya ilimba:
"Ukiuponda sana unalia kama mbuzi.
Na tundu hili liwekee utando wa buibui,
bila huo sauti inatoka uchi."
Mtoto mmoja akatoka mbio kutafuta buibui.
Hakurudi mpaka jioni.

Jua lilipolala ubavu
akapanda Yohana Masinjisa, fundi cherehani wa Idifu,
na zeze lake, na hasira zake.
Aliimba juu ya ng'ombe wa mjomba
aliyeuzwa mwaka wa njaa kwa debe moja la mtama.
Ng'ombe alikuwa ndiyo kwanza anageuza shingo,
atazame zizi mara ya mwisho,
waya ukakatika.

Ukimya wa watu mia nne si mdogo.
Yohana hakututazama sisi.
Alitazama baiskeli yangu.
"Wewe wa zabibu. Breki inashika?"
"Ya nyuma tu. Ya mbele ilikufa Pasaka."
"Basi iliyo hai ndiyo ninayoitaka."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.
Lakini koleo lilikuwa limeshafika,
sijui limetoka mfuko wa nani,
na mkono wangu mwenyewe, huu,
ndio uliolegeza nati.
Akaufumua ule waya, akachomoa uzi mmoja,
akaufunga, akaukaza, akautemea mate,
akaupitishia upinde.

Miaka sita waya ule umenizuia nisife
na sikujua kwamba una sauti.
Ng'ombe akageuza shingo.
Alilitazama zizi. Alitutazama na sisi.
Mama mmoja mbele yangu akajifunika kitenge usoni,
na Yohana, bila kunipa hata shilingi,
akaniingiza kwenye wimbo kwa jina,
Chiwanga wa Makang'wa,
kati ya mjomba na deni la mtama.

Niliondoka na tenga moja halijaguswa.
Mteremko wa Makang'wa nimeushuka gizani
kwa kukandamiza kisigino kwenye tairi,
ndala ikinuka moshi,
zabibu zikiruka moja moja nyuma yangu
kama watu wanaoshuka gari kabla halijasimama.

Yokobedi akamulika na tochi.
"Breki iko wapi?"
"Inaimba."
Akahesabu hela. Akahesabu tena.
Akaitazama ndala yangu, halafu paa la jiko.
"Bati nalo huimba," akasema, "mvua ikilipiga.
Likiwepo."

Akaenda kupasha ugali.
Nikamsikia, kupitia pengo la paa,
anajaribu jina langu kwa sauti ya zeze,
kwa chini,
akidhani sipo.