Geuza

Jumamosi, soko la Sabasaba,
upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake,
unarusha mchanga machoni mwa wanunuzi
kana kwamba nao una cha kuficha.

Nimetumwa na magoti ya mama.
Magoti yaliyopita njia za Mpunguzi
miaka thelathini na minne, karai la zabibu kichwani;
sasa usiku yanalia yenyewe
kama bawaba za mlango wa stoo.

Chilongani ana meza, mwavuli, na kipaza sauti cha betri.
"Mafuta! Tone asubuhi, tone usiku!
Goti, mgongo, presha, sukari, mawazo,
ndoa iliyopoa, mtoto asiyeshika masomo!"
Nilicheka, lakini mkono ulikuwa umeshaingia pochini.
Mwenye mgonjwa nyumbani huona kwa masikio.

Chupa nzuri, nisiseme uongo.
Kahawia, kifuniko cha mpira wa kufyonzea,
karatasi ya dhahabu, na jani la kijani limechorwa.
Jani gani hili?
"La ng'ambo, dada."
Ng'ambo ni kubwa, kaka.
Ng'ambo ya bahari, au ng'ambo ya reli?

Nikamkumbuka mama siku za kununua kwa wenzake.
Watu wa mjini walitazama juu ya tenga,
punje nono zenye unga wake mweupe.
Yeye alikishika kichala kwenye kikonyo,
akakipindua,
akachungulia tumboni, punje zinapobanana,
pale uozo unapopenda kulala.
"Juu kila mtu anapamba," alisema. "Geuza."

Nikageuza chupa.
Ndani mna nini? Kimya.
Kiasi gani? Kimya.
Nani katengeneza, mji gani, simu ipi?
Namba ya toleo ilifutwa na jasho la vidole
au haikuwahi kuwapo.
Tarehe ya mwisho imebandikwa juu ya tarehe;
nilipokwangua kwa ukucha
mwaka ukachomoza chini ya mwaka,
kama rangi ya mpangaji aliyehama.

"Yamepimwa maabara gani?"
Chilongani akazima kipaza sauti.
Bila kile chombo alikuwa kijana tu, midomo imemkauka.
"Dada, mimi naletewa katoni kila Ijumaa.
Hata bibi yangu nampa."
Hilo ndilo lililonichoma:
si kwamba alidanganya,
ni kwamba hakujua kama anadanganya.

Nikaipiga picha, mbele na nyuma,
nikavuka barabara hadi duka la dawa la Bi Sechelela.
Akavaa miwani, akaisoma kama hati ya shamba.
"Mama anameza nini kingine?"
Ya presha, nikasema. Nyeupe, nusu, asubuhi.
"Basi usiniulize kama mafuta haya ni mazuri.
Niulize yakikutana na ile nyeupe tumboni
yatasalimiana vipi.
Na jani hili likiwa ndilo ninalolidhania,
polisi nao watakuwa na swali lao."
Hakuniuzia kitu.
Alirarua boksi la dawa ya kikohozi,
akaniandikia jina la daktari, na siku: Jumatatu.

Elfu thelathini na tano zikarudi nami nyumbani
zikiwa nzito kuliko zilivyotoka.
"Umeleta?"
Nimeleta Jumatatu, mama.

Magoti hayajui hekima. Usiku yalilia vilevile.
Nikayakanda kwa maji moto,
nikapaka alizeti ya Kibaigwa
niliyoiona kwa macho yangu ikikamuliwa;
haiponyi, inateleza tu, na haijidai.

Taa ilipozimwa akaniuliza,
"Uligeuza?"
Niligeuza.
Akanyamaza mpaka nikadhani amelala.
"Mimi niliwahi kuuza kichala kibovu," akasema.
"Mara moja. Nilikilaza upande mzuri.
Kwa mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa,
na haraka."