Jihudumie

Nimetoka kwa watu wa katani
nikaja kwa watu wa juti,
na bado kazi yangu ni kugawa magunia.

Ofisi yetu iko Dundee, ghorofa ya tatu ya kiwanda kilichokufa,
ambako mitambo iliwaziba masikio wanawake wa zamani
hata wakajifunza kusengenyana kwa midomo, bila sauti.
Siku hizi husikii ila kibodi,
na shakwe wakigombana juu ya paa.

Miaka sita funguo zilikuwa kwangu.
Aliyetaka hifadhidata ya kujaribia
aliandika ombi, akapanga foleni, akangoja.
Jumatatu ombi, Alhamisi nakala.
Ruaridh aligundua njia ya mkato:
pakiti ya biskuti za siagi pembeni mwa kipanya changu.
"Hii si rushwa," akasema.
Nikamwambia kwetu nayo ina jina,
jina dogo tu, kama yenyewe.

Sikupenda kungojewa.
Mwongo mimi. Nilipenda.
Mlinda lango gani asiyependa hodi?

Lakini Machi ile Shirin alikaa siku nne
mikono mapajani, akisubiri majedwali ya miadi ya hospitali,
na siku ya tano akayapata, mabovu.
Niliyakosea mwenyewe, saa nane za usiku, kwa usingizi.
Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.
Usiku uleule nikaanza kumwandika mrithi wangu.

Wiki tisa, mistari elfu na ushei.
Unabonyeza, seva inazaliwa,
inavalishwa majedwali kama mtoto sare siku ya kwanza ya shule,
dakika nne, chai yako bado ya moto.
Ijumaa saa kumi na moja jioni inajifuta,
hakuna matanga.

Kilichonisumbua ni majina.
Data halisi ni watu halisi:
Bi Euphemia Gault wa mtaa wa Lochee, na nyonga yake mpya.
Haifai kijana amsome huku anakula pai.
Kila jina livuliwe, livishwe jingine.
Lipi, sasa?
Kichwani nilikuwa na daftari moja la mahudhurio,
darasa la sita B, Muheza,
mwalimu anaita, sisi tunaitika.
Nikaandika kwa mpangilio uleule wa madawati:
Mwanakombo Shehe. Hoza Semkiwa. Kibwana Mndolwa.
Nikamwandika hata Saumu Kihiyo,
ambaye hakufika la saba.

Kitufe kikafunguliwa. Hodi zikakoma.
Biskuti nazo.
Nakala arobaini kwa siku
na hakuna aliyeniomba hata moja.
Nilitazama mvua ikiutoboatoboa mto Tay,
nikawa mkata tiketi za pantoni
asubuhi ile daraja linapofunguliwa:
sare imepigwa pasi, kibanda kisafi,
magari yanapita kule juu.

Alhamisi ya tatu Ruaridh akaja, mikono mitupu.
"Samahani. *Somu Kihayo* ni nani?
Programu yangu imempangia daktari wa meno saa tisa usiku,
na kila nikimwondoa, anarudi."

Nilicheka hadi meza za mbali zikageuka.
Kumbe kijana amechanganya saa tisa na saa tisa,
kosa ambalo kwa lugha yangu
ni la kawaida kabisa, unauliza tu, "Ya mchana au ya usiku?"
Halafu kicheko kikaniishia njiani.

Nikamwonyesha mstari wenye kasoro.
Nikamfundisha kutamka: Sa-u-mu.
Akarudia mara tatu, akavuta kiti.
"Kwa hiyo nimfute?"

"Mwache," nikasema. "Ijumaa atafutika mwenyewe.
Jumatatu, yeyote atakayebonyeza,
ataitika."