Koki Iliyotazama Njia

Somoe, wamekuja kuhesabu mikorosho yako.
Mpwa wako ana kalamu mbili mfukoni
na viatu visivyoujua mchanga wa Newala;
amefika mia na arobaini, amepotea, ameanza upya.
Angeniuliza mimi. Ni mia moja sitini na tatu,
na ule wa tatu kutoka njiani hauzai,
ulikataa usikatwe.
"Tunafanana," ulisema.

Nyumba hii uliijenga msimu kwa msimu:
wa kwanza msingi, wa pili kuta,
wa tatu bei ikaanguka, ukalala chini ya turubai
ukikataa chumba cha kaka yako, ukimkataa
na yule mwenye lori, aliyekuposa kwa bati ishirini.
"Bati nitanunua. Mume akitoboka nitamziba na nini?"
Tukacheka mpaka Asumini akashikwa na kwikwi.

Lakini tenki. Tuseme habari ya tenki.
Huku juu maji hayana mzaha;
mama zetu walishuka bondeni na giza, wakapanda na jua,
shingo zimezama mabegani.
Wewe ulipovuna mvua ya kwanza
kwenye bati lako mwenyewe, lita elfu tano,
fundi akauliza koki aiweke wapi, jikoni au uani,
ukamwonyesha barabara.
Akadhani hukumsikia.

Hukutaka asante. "Asante ipeleke dukani
uone kama watakupimia chumvi."
Mwanangu alipofukuzwa shule kwa ajili ya ada
hukuniambia kitu. Nilikuta tu risiti
imekunjwa ndani ya kifurushi cha ming'oko,
na ming'oko yenyewe haijaiva.
Maana kupika, Somoe, Mungu hakukupa.

Wala sikufanyi malaika. Uliiba karata.
Ulininunia miezi miwili kwa sababu niliuliza
mwanamke asiye na mtoto atazikwa na nani.
Nilisema kwa mdomo, ukasikia kwa mfupa.
Siku ya sitini na kitu ukabisha hodi alfajiri,
ukaketi, ukanywa chai yangu yote, ukasema:
"Na nyinyi."
Ilinichukua muda kujua kwamba lile lilikuwa jibu.

Kule hospitali ya Ndanda ulitufukuza.
"Nendeni mkaokote. Korosho hazimngoji mgonjwa."
Tukaokota, zako kwanza.
Simu ililia nikiwa nimeinama.
Sikuinuka, Somoe. Nilimalizia ule mti.

Sasa mpwa wako ameifunga koki kwa waya.
Kasema maji ni mali ya ukoo.
Kasema, akala, akalala.

Sisi ni wanawake watatu,
umri wetu ukijumlishwa unapita karne mbili.
Fatu aliazima spana kwa fundi baiskeli,
akamdanganya habari ya baiskeli asiyokuwa nayo.
Asumini alishika tochi, ikawa inamulika kila kitu
isipokuwa koki.
Mimi nililala kifudifudi kwenye tope
na kanga yangu ya kuzikia, nikauma meno, nikazungusha.
Waya ulinikata kidole. Fatu akaanza kulia,
kisha kucheka, kisha sikujua anafanya nini,
tukambana mdomo.
Maji yakatoka na kutu kwanza,
halafu yakakumbuka.

Asubuhi alipita mtoto wa shule, dumu la njano,
soksi moja imeshuka.
"Bibi, maji haya ya nani?"
"Ya Somoe."
"Somo yako?"
Nilitaka kumsahihisha, hilo ni jina la mtu, mjukuu wangu,
nikafungua kinywa,
nikaona hakukosea.

"Jaza," nikamwambia. "Usimwage."