Dakika Saba za Zebaki

Nilipanda kwa ngazi ya chuma, paa la karakana limekuwa jiko,
Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, treni ya Mpanda haijapiga honi.
Chini, Kabula kanishikia ngazi kwa mkono mmoja,
wa pili una muhogo wa kuchoma.
Nikafungua taa ya kwanza, ya zebaki, wati mia nne,
kofia yake kutu na mizoga ya wadudu wa miaka thelathini,
nzito kama mtoto aliyesinzia mgongoni.
Nikaiteremsha kwa kamba.
"Polepole. Hiyo ikipasuka tutavuta sumu."
Akaipokea, akailaza kwenye boksi la maranda.

Zilikuwa arobaini na mbili.
Kila moja naijua kwa ngurumo yake:
ya juu ya mashine ya kukerezea ilikoroma kama Sizya akishiba,
ya mlangoni ililia wembamba, mbu wa bati,
ya kona ya magurudumu ilikuwa na tabia ya kuzima saa nane usiku
na kuwaka tena ikijisikia.
Choki zake nilizibadilisha mimi. Makofi nilizipiga mimi.

Taa mpya ni bapa, nyepesi, naishika kwa vidole kama kisosi.
Wati mia moja na hamsini. Mhasibu kesha piga hesabu,
anatembea na karatasi yake kama aliyebeba barua ya posa.
Nami simpingi. Bili ilikuwa imetutafuna hadi mfupani.

Tulipowasha, hapakuwa na kusubiri.
Pwaa!
Usiku ukavuliwa shati.
Kabula akainamia ekseli aliyoipitisha mchana,
akaona ufa, mwembamba kama unywele wa kichanga.
Hakusema kitu. Akauzungushia chaki.
Mimi nikaona mvi zangu kwenye kioo cha injini,
na ukuta ambao miaka yote tumeuita wa kijani
kumbe ni wa bluu.

Mvua ya kwanza ya Novemba, kumbikumbi wakatoka.
Walinzi wakaweka beseni la maji chini ya taa, kama kila mwaka.
Wakaja wachache, wakazunguka mara moja, wakaenda zao
kwenye kinu cha mpunga kule Isevya, ambako taa bado ni za kale.
Nkwabi alinitazama kama niliyemwibia mboga.

Lakini nilitaka kusema juu ya giza.

Taa ya zebaki, umeme ukikatika na kurudi, haiwaki.
Inagoma mpaka ipoe. Dakika saba, siku nyingine kumi.
Nasi tungebaki palepale, spana mkononi,
mafuta yakidondoka mahali, tone, tone,
sauti tu, hakuna sura.
Ndani ya giza lile Lugusha, mtu wa nyundo, asiye na maneno,
alisema: "Mwanangu wa Urambo tumemzika Jumapili."
Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.
Siku nne alikuwa amepiga nyundo pamoja nasi.
Hakuna aliyejibu. Mtu alikohoa.
Mtu alisogea akakaa ubavuni pake,
nadhani Sizya, kwa harufu ya ugoro.
Kisha taa zikaanza, zambarau kwanza, halafu maziwa,
na tulipokuja kuonana
kila mmoja alikuwa ameshafuta uso.

Wiki jana umeme ulikatika saa tatu usiku.
Ukakaa kidogo, ukarudi.
Lugusha alikuwa ameanza: "Unajua, yule mama yake..."
Pwaa!
Akafunga mdomo. Akaokota nyundo.

Meneja anasema tumeokoa muda. Ni kweli, nimeuona kwenye ripoti,
una safu yake na jumla yake.

Siku hizi umeme ukikatika nakwenda mwenyewe kwenye swichi kubwa,
naishusha.
Ukirudi, taa ndogo nyekundu inanikonyeza.
Nasimama, mkono juu ya mpini,
nahesabu mabehewa ambayo hayapo.
Nyuma yangu naisikia sauti, ya chini, nzito, inatafuta neno.
"Fundi, vipi huko?" Meneja anaita kutoka ofisini.
"Bado," nasema.
"Haujatulia."