Kipimo cha Kola

Ukuta wa fwaye yetu una rangi tano.
Najua, maana ufunguo ninalala nao,
na watoto wa kisomo cha jioni, umeme ukikatika,
huukwangua kwa rula wakingoja taa:
kijani, kisha buluu, kisha ile njano ya chama,
kisha nyeupe chafu kama uji wa hospitali,
na chini kabisa nyekundu, tofali lenyewe,
udongo wa huku huku, wa kichuguu.

Kila aliyetawala Kamalondo alileta ndoo yake ya rangi.
Hakuna aliyeleta bati.
Kwa hiyo mvua za Novemba tunajua pa kuweka masufuria:
moja chini ya dirisha, mawili kando ya cherehani ya Mama Mujinga,
na moja tunalihamisha kila mwaka,
maana tundu lile linatembea.

Bibi zetu walifundishwa hapa kupiga pasi
mashati ya watu wa ng'ambo ya ule ukanda mtupu
ulioachwa kati ya mji wao na wetu
ili mbu wetu wachoke njiani.
Mbu hawakuchoka.
Usiku filimbi inalia, kila mtu upande wake,
na shati limeshavuka,
joto la mkono wa bibi bado limo kwenye kola.

Leo parseli ina wenyewe wawili.
Mmoja ana karatasi yenye muhuri wa duara,
mwingine ana muhuri wa mraba.
Sisi tuna daftari.

Hata mwaka ule wa kufukuzana,
wa kuulizana wewe ni mtoto wa hapa au ulikuja na treni,
daftari halikuuliza.
Tshiela juu ya Numbi, Numbi juu ya Kabwiz,
ukurasa mmoja, kalamu moja inayovuja,
kwa sababu siku hiyo walikuwa wanajifunza matundu ya vifungo.
Wiki iliyofuata Tshiela hayupo.
Mstari wake uliachwa wazi. Bado uko wazi.

Jumanne alikuja karani wa korti,
viatu vyake vimekataa vumbi.
Akasoma Kifaransa kirefu mpaka nukta ya mwisho.
Mama Mujinga, pini nne mdomoni,
akamnyooshea ncha ya futi: «Nishikie hapa, baba.»
Akashika.
Wakapima kitambaa, mita mbili na robo,
sheria imebanwa kwapani.

Kisha, kwa sauti nyingine, kwa Kiswahili cha kwao jikoni:
«Mwaka wa hamsini na nane, muko nao?»
Sikumuuliza anamtafuta nani.
Nikafungua. Kutoka hamsini na saba
tukaruka hadi sitini na moja.
Katikati, meno ya karatasi tu:
mwaka wa uporaji mtu alifungia karanga
miaka mitatu ya bibi zetu,
akaiuza stesheni, pakiti kwa pakiti.

Alipitisha kidole juu ya meno yale
kama anayejaribu makali ya kisu.
Hakutaja jina.
Akaacha karatasi yake mezani, kazi ni kazi:
siku nane tuwe tumetoka.

Nyuma yake ilikuwa nyeupe, ngumu, nzuri,
na karatasi ya kukatia vipimo imepanda bei.
Mama Mujinga akaigeuza, akachora kola,
mkasi ukazunguka muhuri bila haraka
kama mtu anayepita kando ya dimbwi.

Siku ya nane ilinyesha. Tukahamisha sufuria.
Kola zilikuwa kumi na mbili, za mashati ya shule,
za watoto wetu wenyewe safari hii,
na pasi ya makaa bado inapumua juu ya ile ya mwisho
pale mtu alipobisha hodi.

Sote tulinyamaza, hata cherehani.
Nilitia mkono mfukoni.
Ufunguo ulikuwa na joto.